Meli Nyeusi ya Zalifa

Kila siku, baada ya sala ya alfajiri, Zalifa alikunja mkeka wake, akanawa uso, akachukua juzuu yake na kwenda chuoni kwa mwalimu wao wa Kurani, Fundi Sounhadj. Huko alisoma na watoto wenzake mpaka jua lilipopanda juu ya ngome ya Mutsamudu. Wakishaachiliwa, wenzake walikimbilia makwao. Zalifa yeye alikwenda kituoni.

Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ya mawe mwisho wa mji, karibu kabisa na bahari. Juu ya mlango palikuwa na ubao ulioandikwa: Kituo cha Viumbe wa Bahari. Wakubwa wa kituo walikaa Moroni, katika kisiwa kingine, na walionekana Mutsamudu mara chache sana. Kazi zote zilifanywa na watu watatu: Bwana Toihir, mtafiti, Djoumoi, nahodha wa boti, na Koultoum, mama yake Zalifa, aliyepika, kufagia na kubadilisha maji ya matangi. Ikifika saa ya chakula, wote walikaa kwenye mkeka mmoja na kula ndizi mbichi kwa samaki na tui katika sinia moja. Hapakuwa na sinia ya wasomi na sinia ya wasiosoma.

Zalifa alikipenda kituo kile kama mtoto mwingine anavyopenda sikukuu. Katika tangi moja alikuwamo pweza aliyebadili rangi mtu akimsogelea, mara mwekundu, mara kijivu kama jiwe. Katika tangi jingine kasa aliyeumizwa na nyavu alikuwa akitibiwa, na alipotoa kichwa kuvuta pumzi, alipumua kwa nguvu kama mzee aliyepanda ngazi. Zalifa aliweza kumtazama mpaka mama yake amwite mara tatu.

"Bwana Toihir, huyu kasa anatujua?" aliuliza siku moja.

"Sijui," alijibu Bwana Toihir. Alikuwa mwepesi sana wa kusema sijui, jambo ambalo Zalifa aliliona ajabu kwa mtu aliyesoma miaka mingi hivyo.

Lakini ajabu kuliko yote ilikuwa kile chombo walichokiita "sikio". Kilikuwa kinasa sauti kidogo, kimefungwa ndani ya mpira wa baiskeli uliojazwa mafuta ya mbarika ili maji ya chumvi yasikiharibu. Waya mrefu ulitoka hapo mpaka kwenye sanduku lenye betri na tepurekoda. Bwana Toihir na Djoumoi walikwenda nacho baharini, wakazima mashine ya boti, wakakiteremsha chini. Kisha Bwana Toihir alivaa visikilizio masikioni na kukaa kimya muda mrefu. Siku moja Zalifa, akiwa amesimama kwenye mawe ya ufukweni, alimwona akijifuta machozi. Bwana Toihir aliposhuka kutoka botini alimnong'oneza Djoumoi, "Leo alikuwa karibu sana."

Nani alikuwa karibu? Zalifa alikuwa na hamu ya kujua, lakini haya ilimzuia kuuliza.

Sasa, mambo ya chuoni yalikuwa mengine. Zalifa alizaliwa Majunga, kule Madagaska. Baada ya Wakomori wengi kuuawa katika mji ule, waliosalia walirudishwa kwa ndege na kwa meli, na Zalifa na mama yake wakafika Moroni na furushi moja la nguo. Baadaye mama alipata kazi kituoni, wakahamia Mutsamudu. Kwa hiyo Zalifa alisema maneno ya Moroni kwa lafudhi ya Majunga, katika mji wenye maneno yake na lafudhi yake. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kila alipofungua mdomo, mtu alicheka.

Aliyecheka zaidi alikuwa Assia, mjukuu wa bibi mmoja aliyeheshimiwa mjini, Koko Hadidja. Nyumba ya Koko Hadidja ilikuwa kubwa, yenye mlango wa nakshi, na kaka yake Assia, Mouhidine, alikuwa askari.

"Eti Zalifa," Assia alisema asubuhi moja wakisubiri Fundi Sounhadj, "mama yako ananuka samaki kwa sababu anapika samaki, au kwa sababu anawaogesha?"

Watoto walicheka mpaka wakaegemeana. Zalifa alihisi uso unamwaka moto. Alitafuta jambo la kusema, jambo kubwa, kubwa kuliko mlango wa nakshi na kaka askari. Ulimi hauna mfupa. Ulijipinda wenyewe.

"Nyinyi hamjui kitu," alisema. "Kituoni kwetu kuna mashine inayozungumza na meli. Bwana Toihir anaita, na meli inamjibu. Nimesikia kwa masikio yangu."

Kicheko kilikatika.

"Meli gani?" aliuliza Assia.

"Meli nyeusi. Haina taa. Inakaa mbali, haionekani."

Hapo watoto walimsogelea. Mmoja alimpisha kwenye mkeka. Kwa mara ya kwanza tangu aje Mutsamudu, Zalifa alikaa katikati. Lo, ilikuwa raha! Maskini mtoto, hakujua bei ya raha hiyo.

Maana huo ulikuwa mwaka wa tatu tangu waje askari wa kizungu wa kukodiwa, ambao sasa ndio walioongoza jeshi. Kila mtu visiwani alijua kuwa walikuja kwa bahari, usiku, kwa meli ambayo hakuna aliyeitarajia, na asubuhi nchi ikaamka ina serikali nyingine. Wazungu hao wenyewe walijua vizuri zaidi jinsi mambo hayo yanavyofanywa. Kwa hiyo kama kulikuwa na kitu kimoja kilichowakosesha usingizi, kilikuwa habari ya meli nyingine isiyo na taa.

Sikio halilali na njaa. Assia alimsimulia kaka yake mezani. Mouhidine aliisimulia kambini.

Siku ya pili yake, Zalifa alikuwa akimsaidia mama yake kupara samaki wakati gari la askari liliposimama mbele ya kituo. Walishuka askari wanne, na mzungu mmoja aliyevaa nguo nyeusi, waliyemwita Luteni. Mouhidine alikuwa mmoja wao. Walipita kwenye matangi bila kuyatazama, wakamkuta Bwana Toihir anasafisha waya wa sikio.

Luteni alisema kwa Kifaransa, na Mouhidine akatafsiri kwa sauti ili wote wasikie. "Anauliza, unazungumza na meli gani?"

"Meli?" Bwana Toihir alishangaa. "Hakuna meli. Tunasikiliza nyangumi."

"Anauliza, nyangumi wanasema nini?"

"Wanaimba."

Luteni alicheka. Alicheka kweli, kichwa nyuma, kisha akaacha ghafla. "Anasema," Mouhidine alitafsiri huku akiangalia sakafu, "wewe ni mtu uliyesoma, ungetafuta uongo mzuri zaidi. Anasema anajua kuhusu meli nyeusi isiyo na taa."

Kisu kilimponyoka Zalifa mkononi. Yale yalikuwa maneno yake. Aliyatunga mwenyewe, kwenye mkeka wa Fundi Sounhadj, na sasa yalikuwa yamesimama mbele yake yamevaa buti. Na jambo la kutisha zaidi ni kwamba uongo wake ulisikika kama kweli, na kweli ya Bwana Toihir ilisikika kama uongo.

Walimchukua Bwana Toihir na sanduku na sikio na kanda zote. Kabla ya kuondoka Mouhidine alimwambia Djoumoi kwa sauti ya chini, "Kesho atapelekwa Moroni kwa ndege." Djoumoi alishika kichwa. Siku hizo watu waliopelekwa Moroni namna hiyo, jamaa zao walikaa mlangoni wakisubiri, na hawakujua watasubiri mpaka lini.

Koultoum aliketi kwenye ngazi, akafunika uso kwa upande wa kanga. "Mtu mwema vile," alisema. "Ni nani aliyemfanyia hivi?"

Zalifa angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemshuku. Alitazama tangi la kasa, akatazama mama yake, akaona kwamba hawezi tena kukaa ndani ya nyumba ile na neno lile tumboni.

"Mama, ni mimi."

Alieleza yote, tangu kicheko cha chuoni mpaka meli isiyo na taa. Koultoum alimsikiliza bila kumkatiza. Zalifa alingoja kofi. Halikuja, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Uongo wako umekwenda kwa miguu yake mpaka kambini," mama yake alisema hatimaye. "Sasa kweli nayo itakwenda kwa miguu yako. Simama."

Lakini kwenda vipi? Mwanamke mgeni, asiye na ukoo Mutsamudu, hakuweza kugonga lango la askari na kusikilizwa. Ilibidi apate mtu wa mji wa kumtangulia, na njia ilikuwa moja tu, kupitia nyumba ile ile neno lilikopita. Walikwenda kwa Koko Hadidja.

Bibi huyo alikuwa amejipaka unga wa msandali usoni, anachambua karafuu uani. Zalifa alimwinamia, viganja pamoja, kama watoto wa visiwani wanavyowasalimu wakubwa. "Kwezi, koko."

"Mbona," aliitikia bibi, kama salamu hiyo inavyoitikiwa. "Mbona mna nyuso za msiba?"

Zalifa alisema tena yote. Assia, aliyekuwa anachota maji, alisimama na kata mkononi. Koko Hadidja hakumkemea Zalifa. Alimtazama Assia kwanza, kwa muda mrefu, mpaka Assia akaitua kata.

"Mmoja kapika, mmoja kapakua," alisema bibi. "Nipeni shiromani yangu."

Alijitanda ile nguo yake nyekundu na nyeupe, akashika fimbo, akatangulia. Langoni kwenye kambi alikuwapo Mouhidine na bunduki yake. Alipomwona bibi yake alitaka kusema kuwa hairuhusiwi, lakini bibi alimwahi.

"Tangu upewe bunduki husalimii tena?"

Mouhidine alitazama nyuma kuona kama wazungu wanamwona. Walikuwa wanamwona. Akaiweka bunduki begani, akaunganisha viganja, akainama. "Kwezi, koko."

"Mbona, mume wangu. Haya, mwite mkubwa wako."

Zalifa alisimama mbele ya Luteni. Sauti yake ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Meli nyeusi haipo. Niliitunga mimi, kwa sababu walinicheka. Bwana Toihir hajasema na meli yoyote."

Luteni alisikiliza tafsiri, akamkazia macho. Kisha alijibu, na Mouhidine akasita kabla ya kutafsiri. "Anasema, mtoto aliyedanganya jana, atajuaje kuwa hadanganyi leo? Anasema huenda mmemtuma."

Hapo ndipo Zalifa alipolia. Si kwa hofu. Alilia kwa sababu swali lile lilikuwa la haki.

Koko Hadidja ndiye aliyejibu. "Mwambie mtoto anaweza kudanganya, lakini bahari haidanganyi. Kitie chombo majini, asikilize mwenyewe."

Luteni alikubali, na kesho yake asubuhi, kabla ya ndege, boti ya kituo ilitoka. Djoumoi alishika usukani. Ndani walikuwamo Luteni, Mouhidine na Bwana Toihir, aliyekuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi. Luteni alitaka Zalifa awepo pia. Alisema akigundua mchezo, anataka aliyeucheza awe karibu. Mama yake alibaki kwenye mawe na Koko Hadidja.

Walipofika mbali, pale maji yanapokuwa buluu nzito, Djoumoi alizima mashine. Bwana Toihir aliteremsha sikio polepole. Badala ya visikilizio aliunganisha spika ndogo, ili wote wasikie.

Kwanza walisikia mchakariko tu, kama vitunguu vinavyokaangwa. "Ni kamba wadogo, wanagonga magando yao," alieleza Bwana Toihir. Walingoja. Mchakariko uliendelea. Jua lilipanda, boti ikayumba, Mouhidine akatapika kidogo na kujifuta. Luteni aliinua mkono kutazama saa yake, akamwambia Djoumoi awashe mashine.

Zalifa alifumba macho. Alitaka kusema, "Nimesikia!" Lilikuwa neno jepesi sana. Lakini hakuwa amesikia, basi hakusema.

Mara spika ilinguruma. Ilikuwa sauti nene, ndefu, iliyoanzia chini kabisa, ikapanda, ikapanda, mpaka ikawa nyembamba kama kilio cha mtoto mchanga. Ikakatika. Ikarudi. Kisha zikafuata sauti nyingine fupifupi, kama mlango mzito unaofunguliwa katika nyumba kubwa isiyo na watu, kisha ile ndefu tena, kwa mpangilio ule ule. Mbao za boti zenyewe zilianza kutetema, na Zalifa aliisikia sauti ile miguuni kabla ya masikioni.

"Subhanallah," alinong'ona Mouhidine.

Mkono wa Luteni ulibaki hewani, na saa yake. Hakuna aliyesogea. Wimbo uliendelea, na Zalifa alisahau kambi, akasahau Assia, akasahau aibu yake. Chini yao, katika giza la maji ambamo hakuna mtu amewahi kukaa, kulikuwa na anayeimba, kama jamaa zake walivyoimba tangu zamani, kabla ya askari, kabla ya ngome, pengine kabla ya mtu yeyote kufika visiwani.

Wimbo ulikoma. Bwana Toihir aliinua kidole. "Anapanda kuvuta pumzi."

Bahari ilifunguka kando ya boti. Mgongo mweusi ulitokeza, ukapita, ukaendelea kupita, mpaka Zalifa akadhani hautakwisha. Pumzi yake ililipuka juu na kuwanyeshea wote mvua ya chumvi yenye harufu ya samaki. Kisha mkia ukainuka, mpana kuliko boti yenyewe, ukasimama wima juu yao, maji yakitiririka, na ukazama taratibu bila kurusha hata tone. Zalifa aligundua kuwa amemshika Luteni mkono, na Luteni hakuwa amegundua.

Yule mzungu alibaki anatazama maji. Mwishowe alisema maneno machache.

"Anasema turudi," Mouhidine alitafsiri. "Bwana Toihir akalale kwake."

Hakuomba radhi, watu wa kazi yake hawakuwa na mazoea hayo. Lakini sanduku na kanda zote vilirudishwa siku ile ile.

Ufukweni Zalifa alimwangukia Bwana Toihir miguuni. Alimwinua. "Nimekusamehe," alisema. "Ila uongo ulioutandaza mbele za watu, utaukunja mbele za watu."

Kwa hiyo Ijumaa, baada ya sala, uwanja wa kituo ulijaa. Watoto wote wa chuo walikuja na Fundi Sounhadj, na wanawake walileta sinia za mikate na ladu. Zalifa alisimama mbele yao akasema, kwa lafudhi yake ile ile ya Majunga, kwamba alitunga meli, na kwamba mtu asiye na kosa alilala kifungoni kwa sababu yake. Hakuna aliyecheka. Assia naye alisimama, bila kuitwa, akasema kuwa yeye ndiye aliyemchokoza, na ndiye aliyelipeleka neno.

Kisha Bwana Toihir akaweka kanda. Wimbo wa nyangumi ulijaza uwanja. Watoto wachanga walinyamaza migongoni. Fundi Sounhadj alishusha kichwa, akasogeza tasbihi yake polepole.

Kanda ilipokwisha, Assia alimgeukia Zalifa. "Wewe uliyekuwa juu yake kabisa, alikuwa anasema nini?"

Watu wote walimtazama. Zalifa alikuwa katikati tena. Na jibu zuri lilikuwapo, tayari kwenye ncha ya ulimi: angeweza kusema anamwita mtoto wake, au anamlilia mama, na wote wangeamini.

"Sijui," alisema Zalifa. "Bwana Toihir naye hajui. Hakuna anayejua."

Koko Hadidja alipiga fimbo yake chini.

"Mmemsikia, watoto? Mwongo hujaza kila pengo, ndiyo maana hata akisema kweli hana wa kumwamini. Lakini mtoto anayesema 'sijui' mbele ya mji mzima, kesho akiniambia kaona miezi miwili mbinguni, mimi na uzee wangu nitatoka nje nikatazame."

Kisha akamwambia Bwana Toihir airudishe kanda mwanzo, kwa kuwa hakuisikia vizuri.